Gari la Mkopo, Bima na Misimu ya Isiolo

Historia ya bima ya magari nchini Kenya huandikwa kwa kawaida kama historia ya Nairobi na Mombasa, kwa kuwa huko ndiko kampuni za bima zilikozaliwa na huko ndiko mahakama zilikoamua kesi zake nyingi. Hata hivyo, kanuni moja ya bima hiyo haieleweki sawasawa mpaka itazamwe kutoka Isiolo, mji ulio takriban kilomita 285 kutoka Nairobi, ambao kwa miongo mingi ulikuwa mwisho wa lami na mwanzo wa njia zilizofungwa na kufunguliwa na mvua. Kanuni hiyo ni kwamba gari lililonunuliwa kwa mkopo hukatiwa bima kamili mwaka mzima, liwe linatembea au limeegeshwa, ingawa sheria ya nchi haimlazimishi mwenyewe kulikatia bima wakati haliko barabarani. Baina ya takwa la sheria na takwa la mkopeshaji pana pengo, na wafanyabiashara wa kaskazini ndio waliolilipia pengo hilo kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu mali yao husimama kwa msimu.

Msingi wa takwa la kwanza uliwekwa na sheria ya mwaka 1945 iliyohusu bima ya magari dhidi ya madhara kwa mtu wa tatu, ambayo leo ni Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Mtu wa tatu katika lugha ya bima ni yule asiyekuwa mwenye bima wala kampuni ya bima: mpita njia aliyegongwa, kwa mfano, au abiria aliyeumia. Sheria hiyo ilifuata mkondo wa ile ya Uingereza ya mwaka 1930, na shabaha yake ilikuwa kumhakikishia majeruhi kwamba hatashinda kesi mahakamani kisha akakuta aliyemgonga hana cha kumlipa. Kwa hiyo kosa ililolianzisha ni kutumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, bila ya kuwapo bima inayofaa. Kulimiliki tu si kosa. Gari lililofungiwa uani, likiwa limeinuliwa juu ya mawe na betri yake imetolewa, halimdhuru mpita njia, na sheria haina neno nalo.

Mkopeshaji hutazama jambo jingine kabisa. Yeye hana wasiwasi na mpita njia, bali na gari lenyewe, ambalo ndilo dhamana ya fedha zake. Likiungua, likiibwa au likisombwa na maji, deni hubaki na dhamana imetoweka, na kwa sababu hiyo mkataba wa mkopo humtaka mkopaji akate bima kamili, yaani ile inayofidia pia hasara ya gari lenyewe, na aihuishe kila mwaka mpaka shilingi ya mwisho ya deni ilipwe. Jina la benki huandikwa katika mkataba wa bima kama mwenye maslahi, ili gari likiharibika kabisa fidia ianzie kwa mkopeshaji na salio ndilo limfikie mkopaji. Katika logibuku, ambacho ni kitabu cha usajili wa gari, majina ya benki na mkopaji huandikwa pamoja. Mkopaji akiacha bima ikatike, mikataba mingi huipa benki haki ya kukata bima yenyewe na kuiongeza gharama hiyo juu ya deni. Hakuna kifungu katika mpangilio huo kinachouliza kama gari linatembea.

Isiolo ni mahali ambapo swali hilo haliepukiki. Waborana wa Waso, yaani wale wa bonde la mto Ewaso Ng'iro, hugawa mwaka katika vipindi vinne: ganna, ambazo ni mvua ndefu za Machi hadi Mei, adolessa, majira makavu yenye ubaridi yanayofuata, hagaya, mvua fupi za kuelekea mwisho wa mwaka, na bona, kiangazi chenyewe. Ganna na hagaya ni neema kwa mifugo na ni kizuizi kwa magurudumu. Laga, yaani makorongo ya mchanga yasiyo na maji kwa miezi mingi, hufurika kwa saa chache na kukata njia, na udongo mweusi wa tambarare hugeuka tope lisilopitika kwa lori lenye mzigo. Gari lililokuwa likienda Merti, Garba Tulla au Modogashe lilisubiri mjini, pengine siku kadhaa, pengine majuma, na mwenye lori aliyejua hesabu zake aliihesabu miezi ya mvua kuwa miezi ya kusimama.

Kusimamisha mali kwa gharama ya mwenyewe ni kazi ya zamani katika mji huu, na ilianza na mifugo kabla ya magari. Isiolo ilikua baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pale askari wa Kisomali waliotumikia jeshi la Uingereza, wengi wao wa koo za Isaaq na Harti, walipopewa mahali pa kukaa na kufugia, na baadaye ikawa makao makuu ya utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Serikali ya kikoloni iliogopa maradhi ya ng'ombe wa kaskazini yasiwafikie ng'ombe wa walowezi wa Laikipia na nyanda za juu, kwa hiyo ikaweka karantini, na ng'ombe waliokusudiwa kuuzwa kusini walizuiliwa Isiolo mpaka wapimwe na kuchanjwa. Kazi hiyo iliendelezwa baada ya uhuru na Idara ya Masoko ya Mifugo, ambayo herufi zake za Kiingereza, LMD, bado ni jina la eneo mjini humo. Mfanyabiashara aliyenunua ng'ombe kwa fedha za kukopa alijikuta na mali isiyouzika kwa majuma, inayokula, inayolindwa, na inayoweza kufa kabla ya kufika mnadani, huku deni lake halisubiri. Hapakuwa na bima ya kumfidia. Hasara ya kizuizini ilikuwa yake peke yake, na waliofilisika kwa njia hiyo hawakuandikwa katika daftari la kampuni yoyote.

Kilichokuwapo ni desturi. Miongoni mwa Waborana, buusaa gonofaa ni utaratibu ambao ukoo humrudishia mwanachama aliyepoteza mifugo kwa ukame, maradhi au uvamizi idadi ya wanyama wa kuanzia tena, kila jamaa akitoa kwa kadiri ya uwezo wake na wazee wakisikiliza na kuamua ombi. Wasomali wana mchango wao uitwao qaaraan. Taratibu hizi hazidai ada kabla ya hasara, na nguvu yake yote ni uanachama na kukumbukana. Udhaifu wake ni kwamba ukame mkubwa humpiga mtoaji na mpokeaji kwa wakati mmoja. Kwa lori lililonunuliwa Nairobi desturi hizo zilisaidia kidogo, kwa kuwa jamaa waliweza kumchangia mtu akaanza upya, lakini mkopeshaji wa mjini hakukubali ahadi ya ukoo kama dhamana.

Mkopo wenyewe, kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni, haukuwa wazi kwa kila mtu. Sheria ya mwaka 1930 ya uhamishaji wa mali zinazohamishika iliruhusu mtu kuweka rehani kitu kama gari huku akiendelea kukitumia, ilimradi hati ya rehani isajiliwe. Lakini sheria nyingine ya mwaka 1948, iliyodhibiti mikopo kwa Waafrika, ilifanya mkopo uliozidi shilingi 200 kutoka kwa asiye Mwafrika usiweze kudaiwa mahakamani ila kwa idhini ya ofisa wa serikali. Serikali ilieleza kuwa inamlinda Mwafrika asizame katika madeni. Tokeo likawa kwamba hakuna mwenye duka la magari aliyekuwa tayari kumwamini kwa lori. Wasomali wa Isaaq walisimama mahali pa katikati, kwa kuwa sheria ya mwaka 1919 iliwaondolea baadhi yao masharti yaliyowabana Waafrika wengine, na katika miaka ya 1930 walipigania rasmi kutambuliwa pamoja na Waasia katika kodi na hadhi. Mapambano hayo mara nyingi husimuliwa kama suala la fahari ya kabila. Yafaa yasomwe pia kama suala la biashara, maana aliyehesabiwa kuwa Mwafrika alifungiwa mlango wa mkopo, na bila mkopo hapakuwa na lori.

Fedha za kununulia magari zilianza kupatikana kwa wingi zaidi katika miaka ya 1950, zilipoanzishwa kampuni za fedha zilizoshughulika na ununuzi kwa awamu. Credit Finance Corporation ilianzishwa mwaka 1955 na National Industrial Credit mwaka 1959, na zote mbili zilikuja kuwa benki baadaye. Ununuzi kwa awamu, kisheria, ni ukodishaji: mnunuzi hulikodi gari kutoka kwa kampuni, hulipa kodi yake kwa mwezi, na umiliki humhamia anapomaliza awamu ya mwisho. Kwa kuwa gari lilikuwa bado mali ya kampuni, ilionekana ni haki kampuni iamuru namna litakavyotunzwa, ikiwamo bima, na hapo ndipo sharti la bima kamili ya mwaka mzima lilipoota mizizi, likaandikwa katika mkataba uliochapishwa, sawa kwa teksi ya Mombasa na kwa lori la Isiolo. Sheria ya Ununuzi kwa Awamu ya mwaka 1968 ilimpa mkopaji kinga muhimu, kwamba akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kulichukua gari bila ya kwenda mahakamani. Suala la bima ya gari lililosimama halikugusiwa kwa faida yake, na fomu iliyotungwa kwa nchi ya barabara za mwaka mzima ikabaki kuwa fomu ya nchi nzima.

Uhuru uliipa Isiolo majaribu mengine. Desemba 1963 serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini, na vita vilivyoitwa vya Shifta viliendelea mpaka Kenya na Somalia zilipofikia maafikiano Arusha mwaka 1967. Mifugo iliuawa au kutaifishwa, watu walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi kama Garba Tulla na Merti, na safari za magari ziliwekewa vibali na misafara ya ulinzi. Kwa mwenye gari la mkopo, vita hivyo vilifichua kifungu ambacho wachache walikuwa wamekisoma. Mikataba ya kawaida ya bima ya magari huacha nje hasara inayotokana na vita, uasi na machafuko ya kiraia, kwa hoja kwamba hasara za namna hiyo huwapata watu wengi mno kwa pamoja na haziwezi kukadiriwa. Mkopaji aliendelea kutakiwa kulipa bima kamili, lakini hatari iliyokuwa karibu naye kuliko zote ndiyo iliyoachwa nje. Wala njia ya mahakama haikumfaa, kwa sababu sheria ya kinga ya mwaka 1970 iliwazuia watu wa wilaya za kaskazini, Isiolo ikiwamo, kuwashtaki watumishi wa serikali kwa vitendo vilivyofanywa kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Haitoshi kuiita hali hiyo bahati mbaya. Ilikuwa dhuluma iliyopangwa kwa maandishi, na athari yake katika imani ya watu wa kaskazini kwa mikataba ya mbali haijaisha.

Katika miongo iliyofuata ndipo mazoea ya msimu yalipokomaa. Lami ilifika Isiolo kutoka Nanyuki ikakomea hapo, na mbele yake ikabaki njia ya changarawe ya takriban kilomita 500 hadi Moyale, ambayo malori yalipita kwa misafara yenye polisi kwa hofu ya majambazi. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliharibu madaraja na barabara nchini kote, na kaskazini zilikata mawasiliano kwa muda ambao haukuwa umezoeleka hata huko. Wenye malori yasiyo na deni walikuwa na njia yao ya kukabili hali hiyo. Walinunua bima ya mtu wa tatu kwa mwezi mmoja mmoja, stika ikawekwa kwenye kioo mwezi wa safari, na mwezi wa kusimama hawakulipa kitu. Bima ya mwezi ilipata sifa mbaya mijini, ambako iliwapa nafasi waghushi wa stika, lakini huku ilikuwa busara ya kiuchumi iliyoafikiana kabisa na sheria ya 1945, kwa sababu iliilipia barabara wakati wa barabara. Mwenye gari la mkopo hakuweza kuifuata. Kwake yeye miezi sita ya kazi ndiyo iliyobeba bima ya miezi kumi na miwili.

Ongezeko la mzigo huo lilitoka pia ndani ya sekta yenyewe. Kampuni kadhaa zilizokuwa na wateja wengi wa magari ya biashara zilianguka: Kenya National Assurance, iliyoanzishwa na serikali mara baada ya uhuru, ilifungwa mwaka 1996, United Insurance ikawekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Kampuni ya bima inapoanguka, deni la benki halianguki nayo. Mkopaji hutakiwa atafute bima nyingine mara moja, na ada aliyokwisha kulipa huingia katika foleni ya wadai. Hazina ya fidia kwa wenye bima, iliyoanza katika miaka hiyo na ambayo hugharimiwa kwa tozo ya asilimia 0.25 ya ada, ilipunguza uchungu bila ya kuuondoa, kwa kuwa malipo yake yana kikomo ambacho ni kidogo sana kikilinganishwa na bei ya lori.

Hata hivyo haitakuwa haki kumwona mkopeshaji kama mtu anayetoza kwa hatari isiyokuwapo, na ushahidi wa hilo upo Isiolo kwenyewe. Hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, pamoja na ile ya Samburu iliyo ng'ambo ya mto, ziliyapa magari ya utalii kazi yenye misimu yake, ambapo wageni hujaa kuanzia Julai na tena Desemba, na hupungua sana Aprili, Mei na Novemba. Gari la utalii lililonunuliwa kwa mkopo huegeshwa kambini au mjini katika miezi hiyo, na ingedhaniwa kwamba liko salama. Machi 2010 mto Ewaso Ng'iro ulifurika ghafla baada ya mvua kunyesha nyanda za juu, ukaziharibu kambi na hoteli kadhaa kandokando yake. Hatari ya kugongana hupungua gari linapoegeshwa, lakini maji, moto na wizi hubaki palepale, na pengine wizi wa vipuri huzidi pale gari linapokaa muda mrefu bila ya mtu kuliangalia. Kinachobishaniwa si kama gari lililosimama lina hatari. Ni kama hatari hiyo ina bei ileile.

Mwaka 2020 ulilikuza swali hilo mpaka likawa la nchi nzima. Safari za ndege za kimataifa zilisitishwa mwishoni mwa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona na hazikurejea mpaka Agosti, hivyo magari ya utalii yaliegeshwa katika miezi ambayo kwa kawaida yangekuwa yakijiandaa kwa msimu mkubwa. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imetangaza tarehe 18 Machi hatua za kuwaruhusu wakopaji walioathirika kuzungumza na benki zao na kupanga upya mikopo. Awamu ya mkopo iliweza kuahirishwa, lakini sharti la bima katika mkataba halikuahirishika kwa tangazo hilo, maana lilihusu dhamana na si marejesho. Mwenye gari aliyepewa nafuu ya kutolipa deni kwa miezi kadhaa aliendelea kutakiwa kulipa bima kamili ya gari lisilotoka uani, na hapo watu wa Nairobi na Mombasa walionja jambo ambalo watu wa Isiolo walilijua tangu zamani.

Nchi nyingine zimeshughulikia pengo hilo kwa njia mbalimbali. Ujerumani ilianzisha mwaka 1997 namba za usajili za msimu, ambapo miezi ya matumizi huchapwa kwenye kibao chenyewe, na nje ya miezi hiyo gari haliruhusiwi barabarani lakini hubaki na kinga ya mapumziko dhidi ya moto, wizi na mfano wa hayo. Uingereza ilianza mwaka 1998 utaratibu wa mwenye gari kutangaza rasmi kuwa gari lake haliko barabarani, na tangu mwaka 2011 asiyetoa tangazo hilo hutakiwa kuwa na bima hata kama gari halitembei, jambo ambalo kwa hakika ni kuigeuza kanuni ya 1930. Kenya haikufuata njia yoyote kati ya hizo. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza kodi ya mzunguko wa magari, ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ambayo ingelipwa wakati wa kukata bima, na kama pendekezo hilo lisingeondolewa mwezi Juni, mwenye gari la mkopo lililosimama angelipa kodi ya mzunguko kwa gari lisilozunguka, ilhali mwenye gari lisilo na deni angeweza kuikwepa kwa kutolikatia bima wakati limesimama.

Njia iliyo karibu zaidi na watu wa Isiolo imetoka katika fedha za Kiislamu. Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi mwaka 2008 bila ya riba, na Takaful Insurance of Africa ilifuata mwaka 2011 kwa mfumo wa takaful, ambao wanachama huchangia mfuko mmoja wa kusaidiana na ziada huweza kurudishwa kwao. Tofauti yenye maana hapa imo katika aina ya mkataba. Katika murabaha, benki hulinunua gari na kumuuzia mteja kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, kwa hiyo gari ni la mteja na bima ni mzigo wake. Katika ijara, benki hubaki mmiliki na mteja ni mpangaji, na wanazuoni wa fedha za Kiislamu husema kwamba bima ya mali ni wajibu wa mmiliki, ingawa anaruhusiwa kuihesabu gharama hiyo anapopanga kodi. Kwa maneno mengine, ijara humlazimu mkopeshaji akiri kwamba bima ya gari lililosimama inailinda mali yake yeye. Mikataba ya ununuzi kwa awamu ilikuwa na mantiki ileile ya umiliki, lakini ikaitumia kumwamuru mnunuzi badala ya kushiriki naye gharama.

Fundisho kubwa zaidi, hata hivyo, limetoka kwa mbuzi na ng'ombe. Januari 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, yenye makao yake Nairobi, ilizindua Marsabit pamoja na washirika wake bima ya mifugo inayotegemea kipimo cha malisho, na mwaka 2013 bima hiyo ilifika Isiolo. Haikuhesabu wanyama waliokufa, kazi ambayo hakuna kampuni ingeweza kuifanya katika nchi kubwa ya wafugaji wanaohama. Setilaiti hupima ukijani wa ardhi, kipimo cha eneo hulinganishwa na cha miaka iliyopita, na kikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, wote waliokata bima katika eneo hilo hulipwa. Mkataba wake umejengwa juu ya misimu ileile ya ganna na hagaya: mwaka hugawanywa katika kipindi cha Machi hadi Septemba na cha Oktoba hadi Februari, na bima huuzwa kabla ya mvua za kila kipindi kuanza, ili pasiwe na mtu anayenunua akiwa ameshaona mawingu yamekataa. Mwanzoni malipo yalikusudiwa kumsaidia mfugaji kununua wanyama wengine baada ya vifo. Baadaye mpango ulibadilishwa ili fedha zije mapema, anunue majani na maji na kuwaokoa walio hai.

Serikali iliichukua njia hiyo mwaka 2015 katika mpango wa bima ya mifugo ulioanzia Turkana na Wajir, ikilipia kaya maskini bima ya vizio vitano vya mifugo, ambapo kizio kimoja ni ng'ombe mmoja au mbuzi na kondoo kumi. Kufikia Februari 2017, ukame ulipokuwa mkali, Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti sita ambazo kaya zaidi ya 12,000 zililipwa jumla ya shilingi milioni 214. Bima hiyo ina kasoro zake, na kubwa ni kwamba mfugaji aliyepoteza mifugo katika eneo ambalo setilaiti imeliona kuwa la kijani hapati kitu. Lakini ilithibitisha jambo ambalo kampuni za bima za Nairobi zilikuwa zimelikataa kwa vitendo kwa miaka 60 na zaidi, kwamba hatari ya kaskazini ina majira, kwamba majira hayo yanapimika, na kwamba mkataba unaweza kuandikwa kwa kuyafuata.

Lami imebadilisha mengi tangu wakati huo. Sehemu ya Isiolo hadi Merille ilikamilika mwanzoni mwa muongo wa 2010 na barabara nzima ya Moyale kabla ya muongo huo kwisha, hivyo lori linalokwenda kaskazini halisimami tena kwa sababu ya ganna. Upande wa mashariki, kuelekea Garba Tulla na Modogashe hadi Wajir, ujenzi umechelewa zaidi, na njia ya Merti bado ni ya vumbi na tope. Msimu wa kusimama haujafutwa. Umehamia kwa wale wanaohudumia vijiji vya mbali na kwa magari ya utalii.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Zinazohamishika, iliyoifuta ile ya 1930 na kuanzisha rejista ya kielektroniki ambamo mkopeshaji huandikisha haki yake juu ya mali yoyote inayohamishika. Sheria hiyo inayataja magari na mifugo kwa pamoja kuwa mali inayoweza kuwekwa dhamana, kwa hiyo mfanyabiashara wa Isiolo anaweza sasa kuandikishwa deni juu ya lori lake na juu ya ngamia wake katika rejista moja. Bima ya ngamia wake huanza kwa tarehe zilizopangwa kufuata mvua. Bima ya lori huanza siku aliyotia saini mkopo, na huhuishwa siku hiyohiyo kila mwaka, hata ikiangukia katikati ya Aprili wakati laga zimejaa.